Kidole cha Shahada na Randa ya Baba

Naandika haya mkono wangu wa kulia ukiwa umepona kadiri ulivyojaaliwa kupona. Kidole cha kati kimepungua ncha. Kidole cha shahada kinanyanyuka nusu, kisha kinachoka kama mzee kwenye ngazi. Kalamu naishika kwa namna niliyoibuni mwenyewe, na mwandiko wangu siku hizi ni wa mtoto wa darasa la pili. Nimeandika kwa ajili ya wale niliokaa nao kwenye benchi la chumba cha kufungia vidonda, na kwa ajili ya wengine ambao hawajafika pale lakini wamo njiani, kwa sababu nyumbani kwao kuna kasha la zana za marehemu na mlango unaogoma kufunga. Mimi si daktari. Mambo ya mishipa nilielezwa mara tatu na mara zote tatu niliitikia kwa kichwa bila ya kufahamu. Nitasema niliyoyaona, na nitasema nililolificha.

Kazi yangu ni ushoni. Nina kiduka Kikwajuni, nashona kanzu, na msimu wangu mkubwa ni Ramadhani, watu wanapotaka kanzu za Idi. Seremala alikuwa baba. Karakana yake ilikuwa chini ya nyumba hii hii tunayokaa Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wenye vikapu wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Alikuwa na randa ya umeme ya rangi ya kijani aliyoinunua kwa mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao, na kwa miaka mingi hakukuwa na nyingine mtaani. Ikianza kulia, mama alizima redio, maana hapakuwa na haja ya kushindana nayo. Sisi watoto tulikusanya maranda kwenye magunia. Harufu ya msaji uliochongwa asubuhi ndiyo harufu ya utoto wangu. Mpaka leo nikipita mahali wanapochonga mbao nasimama, natafuta la kujisingizia, naangalia simu, ilimradi nivute pumzi mbili tatu.

Baba alikuwa na tabia moja ambayo watu waliicheka. Kabla ya kuugusa mdomo wa ile mashine alichomoa plagi ukutani, akauvuta waya, akaitundika plagi shingoni kama kidani. Ndipo akatia vidole. Alisema vidole kumi alipewa kwa hesabu na atavirejesha kwa hesabu. Alivirejesha. Alipofariki tulimuosha mimi na ndugu zangu, na vilikuwa kumi.

Ndugu zangu mmoja yuko Maskati, mmoja Dar es Salaam, basi zana zikabaki kwangu. Hapo ndipo nilipojigeuza fundi. Keekee ya umeme niliitumia kutundika rafu jikoni. Kuta zetu za mawe na chokaa zina umri mkubwa kuliko babu yangu, na mashine nayo ilikuwa imechoka, haitoboi, inatikisa tu. Nikaikandamiza kwa kifua. Pande la ukuta ukubwa wa nazi likachomoka upande wa pili, likaangukia jikoni kwa jirani, ndani ya bakuli la unga wa chapati. Yule bibi aliniita kupitia lile tundu, "Baba Salma, ufundi utaujua mwaka gani? Leo nipe chapati zangu." Msumeno wa umeme nao ulikuwa ukitoa moshi kabla ya kutoa unga wa mbao. Mara moja ulinipiga shoti kwa kuwa nilisimama peku kwenye sakafu iliyopigwa deki. Mke wangu, Zuhura, alikuwa akisema, "Zana hizi zishastaafu, wewe tu ndiye hutaki kuzipa pensheni." Tulikuwa tukicheka sana siku hizo. Nazikumbuka kwa wivu, kama vile zilikuwa za watu wengine.

Basi ikaja Shaaban. Anayeujua mji huu anajua Shaaban inavyowatia watu wazimu wa usafi. Mikeka inaoshwa, kuta zinapakwa chokaa, kila kilichovunjika tangu Idi iliyopita kinakumbukwa wiki mbili kabla ya mfungo. Kwetu kilichokumbukwa ni mlango wa choo cha juu. Maji ya kukogea yameuvimbisha, haufungi, na kwa miezi tulikuwa tukiuegemeza kwa ndoo.

"Wakwe zake Salma watakuja kufuturu," alisema Zuhura. Salma ni binti yetu, ameolewa Kikwajuni. "Na wao waegemeze ndoo?"

"Nitauchonga mimi."

"Mwite fundi, Baba Salma."

"Fundi gani nami ni mtoto wa fundi?"

Nikaitoa randa ya baba kwenye kasha. Ilikuwa inafanya kazi, isipokuwa springi ya swichi ilikuwa imekufa. Ili izunguke ilibidi niibonyeze kwa nguvu zote mpaka mkono ufe ganzi. Nikakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikaifunga swichi ikae imebanwa moja kwa moja. Nilijiona mjanja. Kuiwasha na kuizima ikawa ni kwa plagi tu, kule kwenye soketi ya ngazini.

Mlango niliulaza juu ya vigoda viwili darini. Nikachonga nusu yake vizuri kabisa, maranda yakaruka, harufu ikanipanda, nikawa na miaka tisa tena. Kisha mdomo wa mashine ukaziba, na papo hapo umeme ukakatika. Nikadhani ni umeme wa mji mzima, ule unaokatika ukarudi Magharibi. Nikakaa, nikaiweka randa mapajani, nikaanza kuyachokoa maranda kwa vidole. Plagi iko ukutani. Tyubu iko kwenye swichi.

Kumbe umeme wa mji ulikuwepo. Wetu ndio uliokwisha kwenye mita. Zuhura alikuwa chini, akaona feni imesimama, na namba za umeme alizokwishanunua asubuhi zimo kwenye simu yake. Akazibonyeza kwenye mita, umeme ukarudi.

Nililolisikia kwanza si maumivu. Nilisikia mlio ule ule wa utotoni, karibu sana.

Ya siku ile sitoyarefusha. Zuhura alipanda ngazi mbio, akanifunga mkono kwa kanga aliyojitanda, akauvuta waya kwa mguu mpaka plagi ikachomoka. Jirani wa chapati ndiye aliyetafuta gari. Hospitali walinishona, wakanilaza, wakaniambia kidole cha kati kimepoteza ncha na cha shahada umekatika mshipa unaokinyanyua, wameuunga, tungoje. Siku ya pili alasiri nikarudi nyumbani na mkono umefungwa ukubwa wa mkate wa boflo.

Watu walikuwa wamejaa sebuleni kunipa pole. Nikasema naenda juu kubadilisha shati. Nikaenda darini. Mashine ilikuwa pale pale na damu imekauka juu ya mlango. Nilitoa mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, na kwa mkono wa kushoto nikaikata ile tyubu, nikaikunja ndani ya gazeti, nikaitia kwenye taka. Sikuwa nimepanga. Mkono ulifanya kabla ya akili. Niliporudi chini nilimkuta Zuhura anawahadithia wageni, macho yamevimba: "Mimi ndiye niliyemkata. Nimetia umeme bila ya kumwita. Ningalimwita tu! Neno moja tu!" Wageni wakasema, "Ni kadari ya Mungu, Bi Zuhura." Nami nikasema, ni kadari ya Mungu.

Hivyo ndivyo nilivyomtwisha mke wangu mkono wangu. Naliandika hili mapema kwa makusudi, ili msomaji asije akanionea huruma kuliko ninavyostahili.

Ramadhani ilinikuta kidole cha shahada kinatoa usaha. Siku za dawa sikufunga. Kila baada ya siku moja nilikwenda kubadilishwa bendeji, na hapo nilijifunza benchi. Ukienda mapema unapata upande wa dirisha. Vaa shati lisilo na vifungo. Usivae saa, maana utaitazama. Mwambie nesi atie maji mengi kwenye bendeji kabla ya kuibandua, na asipokuwa na haraka mshukuru kwa jina lake, maana wanaoshukuriwa kwa majina ni wachache. Nesi wangu alikuwa binti mdogo aliyekuwa akiniimbia kaswida chini ya pumzi wakati akibandua. Hakujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikinizuia nisipige ukelele.

Kidole kilikuwa cheusi kwenye ncha, chekundu shinani, na kilikuwa na harufu ambayo hakuna udi ulioishinda. Mkono mzima ukakonda, pete ya harusi ikahamia mkono wa pili. Kutia udhu ilikuwa kupaka maji juu ya bendeji. Kwenye tahiyatu, pale kinaponyanyuliwa, chenyewe kilikuwa kimelala ndani ya pamba kama maiti. Nilikuwa nasali na machozi yananitoka, na sikuwa nalilia kidole peke yake.

Kula kulikuwa kugumu zaidi. Sisi tunakula sinia moja, kwa mkono wa kulia, na wa kushoto kila mtu anajua kazi yake. Kijiko cha mkono wa kushoto kilinishinda, mchuzi ukawa kifuani. Zuhura akawa ananifanyia tonge ndogo ndogo ananilisha, mbele ya Salma na mumewe, mbele ya wakwe waliokuja kufuturu. Alinilisha kwanza, akala mwisho, akala kidogo. Vitambaa vya watu nilivirejesha dukani kimoja kimoja, mwenye kitambaa akinipa pole na mimi nikimuelekeza kwa fundi mwengine. Sikukuu ile mji ulikuwa umevaa kanzu ambazo sikuzishona, na niliziona kasoro zote.

Pale kwenye benchi ndipo nilipokutana na Mzee Haji, fundi wa vyombo vya baharini kutoka Nungwi. Tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, lilimkata kiganja. Alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu.

"Wewe nini kimekukata?" aliniuliza.

"Randa ya umeme."

"Tezo halina umeme," alisema kwa fahari kidogo, "na limenikata vile vile."

Wageni kwenye benchi huambiana mambo ambayo nyumbani hayasemeki. Siku moja ya mvua, masika imeshashuka na foleni haisogei, nilimwambia yote. Tyubu, mkasi, gazeti, taka. Akasikiliza huku anautazama mkono wake.

"Na mkeo anajua?"

"Hajui."

Alikohoa kile kikohozi chake kirefu. Kisha akasema, "Mie mke wangu alinambia nsichonge na miwani iliyovunjika kioo. Nkachonga. Lakini nlipofika nyumbani nlimwambia: haya, nitukane. Akanitukana mpaka akachoka, akanipikia uji." Wakamwita jina, akaondoka. Nilitamani uji ule kuliko dawa zote.

Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, walinirudisha chumba cha upasuaji. Daktari alisema waziwazi kwamba kama uchafu umefika mfupani kidole kitaondolewa. Zuhura alikaa nje kwenye ukumbi na Salma, mvua inapiga mabati. Nilipozinduka nilitazama mkono kwanza, kisha uso wake. Vyote viwili vilikuwepo. "Wamekiacha," aliniambia, akalia kwa sauti, yule mwanamke ambaye hata kwenye maziko ya baba yake alilia kwa kujizuia. Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nikaomba maji.

Kidole kikaanza kupona, na yeye akaanza kuugua. Hana homa, hana maumivu, ila alikuwa anakwisha. Madira yake yakawa yanamning'inia. Mita hakuigusa tena. Umeme ukiisha alikaa na joto mpaka Salma aje kutoka Kikwajuni kutia namba. Na akaanza tabia ambayo mwanzo ilituchekesha: kila anachofanya anakitangaza kwanza. "Nnafungua maji!" "Nnawasha jiko!" "Nnafunga dirisha, toa mkono!" Hata nikiwa chumba cha pili, hata nikiwa nimelala. Jirani wa chapati alisema, "Nyumba yenu siku hizi ina muadhini wa kike." Nikacheka naye. Kisha siku moja nilimsikia peke yake jikoni, hakuna mtu yeyote, anasema taratibu, "Nnaweka sufuria," na nikajua nimefanya jambo kubwa kuliko nilivyokuwa nikijidanganya.

Ungedhani basi siku ile nilikwenda nikamwambia. Sikwenda. Wenzangu mtakaosoma, nataka mjue jambo hili ambalo hakuna daktari aliyeniambia: maumivu ya mwili yanampa mtu ruhusa ya ajabu. Kila nilipotaka kusema, nilijiambia mimi ni mgonjwa, nisisumbuliwe. Nilijificha nyuma ya bendeji. Hata ilipopungua ikawa kitambaa chembamba, nilijificha.

Mfunguo Pili akasema anakwenda kwa mama yake Matemwe kubadilisha hewa. Wiki moja ikawa mbili, ikawa nne. Akipiga simu aliuliza kidole tu. Nyumba ikawa na mwangwi. Mazoezi nilipewa ya kubana mpira, ya kuokota punje za mchele moja moja, ya kutia mkono kwenye maji ya vuguvugu na kuviambia vidole vinyanyuke. Niliyafanya usiku na mchana kwa kukosa la kufanya. Jioni nilikaa kwenye baraza ya karakana ya baba, mlango umefungwa nyuma yangu, nikakumbuka mama alivyokuwa akimletea kahawa na kusimama mpaka aimalize, wasiseme chochote, wote wawili wamejaa vumbi la mbao. Nilimtaka mke wangu kwa namna hiyo. Asimame tu.

Ilipobaki siku chache Idi Kubwa, nilimuomba mkwe wangu, mume wa Salma, anipeleke Matemwe.

Nilimkuta mama mkwe uani, kwenye mkeka, anafunga mwani kwenye kamba kwa taitai, vile vijiuzi vyao vidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkono?"

"Unakwenda, alhamdulillahi."

"Haya kaa. Mkono unaokwenda hauketi bure." Akanirushia fungu la taitai.

Mtu wa mazoezi kule hospitali angefurahi. Kamata uzi, zungusha, pitisha, kaza. Kidole cha shahada kilikuwa kinatetemeka, kinakosa, kinarudi. Yeye alifunga kamba nzima, mimi nilifunga vishada vitatu, na kimoja kikafunguka chenyewe mbele ya macho yetu. "Huu si wa biashara," alisema mama mkwe, "tutaula wenyewe." Nilicheka, na ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu Zuhura aondoke.

Zuhura akaja kutoka pwani, amelowa mpaka magotini, ndoo kichwani. Alikuwa amekonda zaidi, shingo imekuwa nyembamba kama ya mwari. Alisimama aliponiona. Hakuamkia. Akasema, "Nnaweka ndoo," kisha akaiweka polepole sana, mbali na mguu wangu, kwenye uwanja wote ule wa mchanga.

Nikasema hapo hapo. Sikutafuta maneno.

"Mama Salma, swichi ya randa niliifunga kwa tyubu ya baiskeli. Imebanwa moja kwa moja. Ilikuwa inangoja umeme tu. Na plagi sikuchomoa, nami nimefundishwa tangu mtoto. Hata ungaliniita, ningalikuitikia huku vidole vimo ndani. Siku niliyotoka hospitali niliikata ile tyubu nikaitupa ili usiione. Hukunikata wewe. Nimejikata mwenyewe, kisha nikakuachia."

Mama mkwe akanyanyuka. "Nkatazame chungu changu," alisema, na jikoni hapakuwa na moto.

Zuhura alijipangusa mikono kwenye nguo. "Sema tena," alisema.

Nikasema tena, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana sasa alikuwa anasikia.

"Tangu Shaaban," alisema. "Tangu Shaaban nnakuvisha, nnakulisha, nnakukosha, nnajifungia chooni nnalia nimefungua maji ili usinsikie. Nawe uko mlango wa pili, unajua."

"Ndiyo."

"Watu wananambia kadari, nawe unaitikia kadari!"

"Niliitikia."

Akaichukua ile ndoo kwa mikono miwili, akaipiga chini kwa kishindo bila ya kusema neno, mwani ukaruka mpaka mapajani mwangu. Sijapata kumuona na hasira kama zile kwa miaka yote ya ndoa. Alinitukana. Mambo mengine aliyoyasema yalikuwa ya kweli na mengine yalikuwa ya zamani, ya kabla ya Salma kuzaliwa, nami nikayapokea yote. Alinitukana mpaka sauti ikakauka, akakaa kwenye ukingo wa mkeka, amenipa mgongo.

"Unajua nilifanya nini siku ya upasuaji?" alisema baadaye. "Nilimuwekea Mungu nadhiri. Wakikuachia kidole, ntafunga siku thalathini. Ishirini na moja nshafunga."

Sikuwa na habari. Kule mjini nilimuona akifunga, nikadhani analipa siku zake za Ramadhani. Ishirini na moja, na kazi ya pwani juu yake, kwa kosa langu. Nilimwambia nimekosa, nisamehe, na niliona aibu kwa udogo wa maneno hayo.

"Tisa zimebaki," alisema. "Hizo utazifunga wewe."

"Mama Salma, nadhiri haihamishwi. Muulize sheikh yeyote."

"Sheikh yeyote hakukaa kwenye ule ukumbi." Akageuka, akanitazama. "Zangu tisa Mungu atanidai mimi, ntazifunga nitakapotaka. Nawe utafunga tisa zako. Na mimi ntarudi mjini nkuone."

Alirudi baada ya siku za Idi Kubwa kumalizika. Hakusema kama amenisamehe, na sikuuliza. Nikaanza Jumatatu. Kipupwe kilikuwa kimeingia, siku si ndefu wala hazina joto, ningeweza kusema ni saumu nyepesi. Nilirudi kutoka msikitini baada ya Adhuhuri, nikajinyoosha sebuleni, nikatia nia ya kulala mpaka Alasiri.

"Njoo ukae hapa," alisema.

Alikuwa ametandika mkeka. Katikati aliweka sinia: wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchuzi wa papa, kachumbari ya pilipili mbichi. Vyakula vyote nivipendavyo, mtu mmoja, saa saba za mchana. Akakaa, akakunja mikono ya dira.

"Nikamulie ndimu," alisema.

Nikaichukua kwa mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilijikunja kwa shida, kikaibana pamoja na gumba, na tone likatoka, kisha jengine, likamwagika juu ya samaki. Hakunisifu. Alisema, "Yote," nikakamua yote.

Kisha akala. Alikula kwa mkono mzima, bila ya haraka, akimnyofoa samaki mpaka mifupani, akiniangalia usoni kila alipotia tonge. Alichovya wali kwenye mchuzi, akalamba vidole. Akaongeza wali. Nusu ya pili ya samaki aliyokuwa akiniwekea miaka yote, siku hiyo aliila yeye. Harufu ya nazi ilikuwa inanizungusha kichwa, tumbo likanguruma kwa sauti, naye akacheka mdomo umejaa, akajiziba kwa mkono wa kushoto. Miezi yote ile nilikuwa sijamuona akila akashiba. Nilikaa pale na njaa yangu, sikuondoka mpaka alipomaliza, na wallahi sijapata kufunga siku iliyonipendeza kama ile.